Ruga-ruga wa Bunkeya na Wenzao wa Ugiriki na Roma

Wadogo zangu, leo tuzungumze juu ya askari wasio na chuma mwilini. Filamu zimetuzoesha askari wa kale aliyefunikwa madini toka kichwani hadi magotini, na vitabu vya historia navyo humweka huyo huyo mbele ya picha. Mimi yule mwingine ndiye ninayempenda zaidi kumsimulia: askari mwepesi, mwenye mkuki, upinde au kombeo, anayetegemea miguu yake. Kumtafuta si lazima tuanzie Ulaya. Alikuwa hapa hapa Lualaba.

Twende Bunkeya. Mji huo uko mashariki ya Kolwezi, kwenye uwanda mpana usio mbali na mto Lufira. Katika miaka ya 1880 ulikuwa mji mkuu wa Garenganze, ufalme wa Mwami Msiri. Msiri hakuzaliwa huku. Kwao kulikuwa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, na baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata mukuba, yaani shaba, wa Katanga. Watu wa Msiri ndio Bayeke, na jina lao hilo lilianzia kwenye chama cha wawindaji wa tembo. Walikuja wachache. Masimulizi yao yanaeleza kwamba Basanga walikuwa wakisumbuliwa na Baluba, na magobore machache ya wageni hawa yakaugeuza mchezo. Aliyeanza kama msaidizi akaishia kuwa mfalme.

Vita vya Msiri vilipiganwa na vijana walioitwa ruga-ruga. Jina hilo lilikuja nao kutoka Unyamwezi, ambako watemi kama Mirambo na Nyungu ya Mawe walijenga dola zao juu ya vikosi vya namna hiyo. Wengi walikuwa hawajaoa. Wengine walikuwa mateka, wengine watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioacha misafara. Hawakuwa na mshahara wala ghala la chakula. Waliishi kwa walichoteka. Walijipamba kwa nguo nyekundu, manyoya ya ndege, bangili za shaba na vipande vya pembe za ndovu, ili adui aingiwe na hofu kabla hawajamfikia. Na hofu hiyo haikuwa ya bure. Vijiji vilikimbiwa, watu walikamatwa na kuuzwa utumwani pamoja na pembe na shaba, na baadhi yao hawakurudi kwao tena. Simulizi la mashujaa lisilotaja hayo ni simulizi nusu.

Silaha yao kubwa ilikuwa gobore. Nataka mwione vizuri, maana ndiyo inayoeleza namna walivyopigana. Kwanza unamimina baruti mdomoni mwa mtutu kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia. Unatia kitambaa au nyuzi za mti, unashindilia kwa mdeki. Unatia risasi, unashindilia tena. Kisha unaweka baruti kidogo pembeni, penye gumegume, jiwe linalotoa cheche. Unalenga, unafyatua. Kama mvua imenyesha, au unyevu umeingia kwenye baruti, hakuna kinachotokea. Kama gobore limelia, umepiga mara moja tu, na adui anakujia huku wewe ungali unatafuta mdeki. Kwa hiyo ruga-ruga hakusimama mstarini akipiga na kujaza. Alipiga, akaliacha gobore au akalivaa begani, akaenda mbio na mkuki. Kasi ndiyo iliyokuwa ngao yake.

Sasa turudi nyuma miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu, Ugiriki. Huko askari mzito aliitwa hoplites. Alikuwa na ngao kubwa ya mviringo, mkuki mrefu, na mara nyingi kofia ya shaba iliyochanganywa na bati. Vifaa hivyo alijinunulia mwenyewe, kwa hiyo asiye na mali hakuweza kuwa hoplites. Maskini alikuja vitani na alichokuwa nacho nyumbani, na Wagiriki wakampa jina kutokana na kile alichokosa. Wakamwita psilos, maana yake aliye wazi, asiyefunikwa. Au gymnes, aliye uchi. Hakuwa uchi kweli. Alikosa tu vazi la vita. Shina la neno hilo mnalo midomoni kila mwalimu anapowapeleka kwenye gymnase, kwani vijana wa Kigiriki walifanya mazoezi ya mwili bila nguo.

Majina mengine yalifuata silaha. Mpiga upinde alikuwa toxotes, kutoka toxon, upinde. Sumu iliyopakwa kwenye mishale wakaiita kwa neno la shina hilo hilo, na ndiyo maana leo mnasoma neno la Kifaransa toxique kwenye mapipa ya tindikali migodini, pamoja na ile alama ya fuvu. Mrusha mkuki alikuwa akontistes, mwenye kombeo sphendonetes. Na aliyebeba ngao ndogo nyepesi ya matete iliyovikwa ngozi, iitwayo pelte, akawa peltastes. Ngao hiyo ilitoka kwa watu wa Thrakia, majirani wa kaskazini, ambao Wagiriki waliwadharau na kuwaajiri kwa pamoja.

Dharau hiyo ililipwa mwaka 390 kabla ya Kristo, karibu na mji wa Korintho, mahali paitwapo Lechaeum. Kikosi cha Sparta, watu kama 600, walikuwa wakitembea barabarani, wote wazito, wote wanaogopwa na Ugiriki nzima. Jemadari Iphicrates wa Athens akawatolea peltastai wake. Vijana wale walikimbia mbele, wakarusha mikuki, wakarudi nyuma. Waspartan wakatoka kuwafukuza wakiwa na ngao zao nzito, hawakuwafikia. Walipogeuka kurudi kwenye safu, mikuki iliwafuata migongoni. Ikawa hivyo tena na tena, mpaka kikosi kikavunjika. Walikufa karibu 250. Walioua hawakukubali hata mara moja kusimama wapambane ana kwa ana.

Ukiyasoma hayo halafu ukasoma yaliyotokea karibu na Tabora mwezi Agosti 1871, unatambua mkono ule ule. Waarabu wa Tabora walikuwa vitani na Mirambo. Kijana wao mmoja, Soud bin Sayd, akaongoza kikosi kushambulia kijiji cha Wilyankuru, na akakiteka. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake. Waarabu wakaanza safari ya kurudi wakiwa wamelemewa na pembe za ndovu na mateka, wakifurahia ushindi. Ruga-ruga walikuwa wamelala chini kwenye majani marefu, pande zote mbili za njia. Walipoinuka, msafara ukawa umekwisha. Soud aliuawa pamoja na Waarabu wenzake wote waliokuwa naye. Henry Morton Stanley, aliyekuwa kambini karibu na hapo akiumwa homa, aliandika habari hiyo katika kitabu chake, na hatimaye akamlinganisha Mirambo na Napoleon.

Iphicrates hakumfundisha Mirambo, wala Mirambo hakusikia habari za Lechaeum. Mtu mwepesi mahali popote hugundua mambo yale yale: usisimame, usibebe mzigo, mngoje mwenye mzigo.

Warumi walilielewa jambo hilo mpaka likaingia katika lugha yao. Mizigo ya jeshi waliiita impedimenta, vitu vinavyofunga miguu. Askari aliyeacha mizigo nyuma aliitwa expeditus, aliyefunguliwa miguu. Mkisoma shuleni neno expédition, ndiye huyo. Vijana wadogo na maskini zaidi wa jeshi la Roma waliitwa velites. Walikuwa na upanga, mikuki myepesi na ngao ndogo ya mviringo, na baadhi yao walivaa ngozi ya mbwa mwitu juu ya kofia. Mwanahistoria Polybius anaeleza sababu: wakubwa wao waweze kuona toka mbali nani anapigana kwa ujasiri na nani anajificha. Manyoya ya ruga-ruga nayo yalivaliwa yaonekane, ila kwa macho ya adui.

Kabla ya velites kulikuwa na jina zuri kuliko yote, rorarii. Msomi wa Kirumi Varro aliliunganisha na neno la umande na manyunyu: hao ndio wanaodondoka kwanza, kama manyunyu kabla ya mvua. Nyie wa Kolwezi mnayajua manyunyu ya Oktoba, yale yanayolowesha vumbi jekundu kidogo tu, na kila mtu anaanza kuanua nguo kwa sababu anajua kinachofuata. Hivyo ndivyo Warumi walivyoiona vita. Sijui jina lingine la askari lenye heshima namna hiyo kwa mtu asiye na chuma mwilini.

Bado risasi. Mwaka 401 kabla ya Kristo, jeshi la Wagiriki lilikuwa linarudi kwao toka mbali, kupitia nchi tunayoiita Iraki leo, likisumbuliwa na wapiga kombeo wa Uajemi. Xenophon, aliyekuwa mmoja wa viongozi, akakumbuka kwamba katika jeshi lake walikuwamo watu wa kisiwa cha Rhodes. Wakatafutwa wapatao 200. Waajemi walirusha mawe ya ukubwa wa ngumi. Warodi walirusha vipande vidogo vya risasi, yale madini mazito laini, na vikaenda mbali zaidi. Waajemi wakaanza kukaa mbali. Kwa Kiswahili madini yale na kile kitu kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja, nanyi mmeona kwamba risasi ilikuwa silaha karne nyingi kabla ya baruti kufika Ulaya.

Huku kwetu ilitokea kwamba risasi ikawa ya mukuba. Madini ya risasi yalitoka mbali na yalikuwa ghali. Mukuba ulikuwa chini ya miguu yetu. Wahunzi walichimba jiwe la kijani mahali kama Dikuluwe, hatua chache toka Kolwezi, wakati wa kiangazi baada ya mavuno. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa, wakavuvia kwa mivukuto ya ngozi. Wafua shaba hao waliitwa walaji wa mukuba. Kazi yao ilikuwa ya karne nyingi kabla ya Msiri: misalaba ya shaba imekutwa makaburini huko Sanga, kwenye bonde la Upemba, na baadhi yake ina zaidi ya miaka 700. Misalaba ilikuwa mali na mahari. Zama za Msiri mukuba ule ule ulivutwa ukawa waya mwembamba wa bangili, na ukafanywa risasi za magobore. Kijana wa ruga-ruga alibeba shaba mkononi kama pambo na shaba mfukoni kama kifo.

Mwisho wa Msiri ulikuja mwezi Desemba 1891. Basanga walikuwa wameshamwasi, na baruti haikuwa ikimfikia kama zamani. Msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ukaingia Bunkeya. Askari wake walikuwa Wangwana walioajiriwa Zanzibar, na bunduki zao zilijazwa kwa nyuma, bila mdeki, bila pembe ya baruti. Tarehe 20 Desemba afisa Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akafa. Kijana wa nyumba ya Msiri, anayetajwa kwa jina la Masuka, akampiga Bodson, naye Bodson hakupona. Baada ya hapo Mukanda-Bantu, mtoto wa Msiri, akatawala chini ya wageni, na wapiganaji wa Bayeke wakatumiwa kuwatiisha Basanga. Ruga-ruga wa jana wakawa wasaidizi wa serikali, kama walivyofanywa Wathrakia kwa Wagiriki.

Kolwezi yenyewe iliwaona askari wa miguu myepesi tena. Wazee wenu wanaikumbuka Mei 1978, waasi waliotoka Angola walipoushika mji tarehe 13, na tarehe 19 wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa wakadondoka toka angani wakiwa na silaha walizoweza kuzibeba mwilini tu. Raia wengi walikufa siku hizo, Waafrika na Wazungu. Waliodondoka waliitwa Légion, jina la jeshi la Roma. Rorarii walikwisha sahaulika. Jina la jeshi lao likafika mpaka juu ya paa zetu.

Hilo ndilo linaloniuma. Iphicrates tunamjua, Mirambo tunamjua, Msiri tunamjua. Wale waliokimbia na mkuki, majina yao hayakuandikwa, na hata jina la kundi lao mara nyingi walipewa na wengine. Kwa Wagiriki tumechelewa. Kwa Bunkeya bado. Bayeke huikumbuka tarehe 20 Desemba kila mwaka, na wapo wazee wanaojua habari walizosikia kwa wazee wao. Ukiwa na nkambo mwenye asili ya huko, au ya Basanga waliopigana upande wa pili, kaa naye umwulize: wapiganaji wa ukoo wetu waliitwa nani, na wao wenyewe walijiita nani? Andika jibu kwenye daftari, uweke na jina la aliyekueleza, kijiji chake na tarehe.