Yungiyungi au gugumaji? Angalia jani kabla hujang'oa

Ukipita kandokando ya Ziwa Victoria, au hata kwenye bwawa la kijijini, utaona maua ya buluu na zambarau juu ya maji. Wengi huyaita yote magugumaji, na siku ya usafi ikifika yote yanang'olewa. Kumbe huenda lililong'olewa ni yungiyungi, mmea wa kwetu. Samaki wadogo hujificha chini ya majani yake, na sile-maua, yule ndege mwenye vidole virefu, hutembea juu yake.

Utalijuaje? Usianze na ua, maana si kila siku utalikuta. Anza na jani. Jani la yungiyungi ni duara, limelala bapa juu ya maji, na lina mkato mmoja kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, kama chapati iliyopigwa kisu mara moja. Jani la gugumaji linasimama, linang'aa, na mara nyingi kikonyo chake kimevimba. Kibonyeze: ni kama sponji. Hewa iliyomo ndiyo inayolifanya gugu lielee.

Bado una wasiwasi? Kama hapana mamba, livute kidogo. Yungiyungi litagoma, kwa sababu limeshika tope chini. Gugumaji litakuja lote mkononi, na mizizi yake myeusi kama manyoya. Ndiyo maana upepo ukigeuka usiku, wavuvi wa Kisumu huamka wakakuta mwalo umezibwa.

Ua likiwepo, kazi ni rahisi. Yungiyungi hutoa ua moja kwa kila kikonyo, petali nyingi zilizochongoka, katikati njano. La buluu hufunguka asubuhi na kufumba alasiri. Lipo pia jeupe, hilo hufunguka usiku. Gugumaji hubeba maua mengi kwenye bua moja, kila ua petali sita, na ile ya juu ina doa la njano kama jicho la unyoya wa tausi. Ni zuri, tusikatae. Uzuri huo ndio uliolitoa Amerika Kusini likasambazwa duniani kama pambo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria.

Kwa hiyo usilibebe kupamba bwawa lako, maana mche mmoja huchipua mingine ubavuni upesi sana. Na ukiling'oa, litupe mbali na maji, likauke kabisa juani. Ukiliacha kwenye mtaro, mvua ikinyesha litarudi ziwani.