Mtoto Akiingizwa Katika Utafiti, Nani Amekubali?

Miaka ya 2000, wahudumu wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Soweto na Gatwekera, Kibera, Nairobi, wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani anaharisha. Familia zilizojiandikisha zilitibiwa bure magonjwa hayo katika Kliniki ya Tabitha. Kazi hiyo ilidhihirisha jinsi homa ya matumbo inavyowaandama watoto wadogo wa mtaa huo. Julai 2025, Kenya ikaanza kuwachanja watoto dhidi yake.

Chanjo hiyo ni ya mtoto wa Gatwekera na ya jirani yake wa magorofa ya Nyayo Highrise pia. Ila aliyetolewa damu ni yule wa Gatwekera.

Wapo wanaosema watoto wasiguswe kabisa na utafiti. Siafikiani nao. Kwa miaka mingi, katika nchi tajiri, mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu aliongezewa maji mengi mshipani kwa kasi, kwa imani kwamba yanamwokoa. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000. Ndani ya saa 48, kati ya kila 100 waliopewa maji hayo walifariki 10 au 11; kati ya wasiopewa, 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Bila watoto wale, tungedhani bado tunatibu.

Linalonikera ni namna idhini inavyopatikana. Mama amembeba mtoto anayechemka homa, mfukoni hana hata nauli ya kufika hospitali ya Mbagathi, kisha anawekewa fomu: saini, mwanao atibiwe bure. Hapo atakataaje? Kanuni za utafiti zinataka mzazi akubali kwa hiari akiwa ameelewa, na mtoto mkubwa kidogo naye aulizwe. Kamati za maadili zisiishie kukagua fomu. Zihakikishe asiyetaka utafiti ana pengine pa kumtibu mwanawe.

Mzazi, kabla hujatia dole gumba, uliza: damu hii inakwenda wapi, mwanangu akidhurika nani atamtibu, na utafiti ukiisha tutapata nini? Unaweza kumtoa mtoto siku yoyote, na haki yake ya kutibiwa kama wagonjwa wengine inabaki palepale.