Ordinatere inawaka lakini ekra iko nyeusi: angalia haya mbele ya kulipa fundi

Wandugu, ilibaki siku tisa nipeleke memwari yangu ya licence. Matokeo ya shamba langu la maharagi, misimu miwili, uzito wa mavuno ya kila kiwanja, yote ilikuwa ndani ya ordinatere ya zamani ya mezani, pale nyumbani Bukavu. Kopi? Flashi ilipotea na sikununua ingine. Usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi nabonyeza: feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, ekra nyeusi tii.

Fundi mmoja akaitazama dakika mbili tu. «Karte mere imekufa, leta dola 60.» Sikuwa nazo, basi nikarudi na mashini yangu kwa bega.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ile siku: ekra kuwa nyeusi haimaanishi data zimepotea. Data zinakaa kwa diski duru. Picha inatengenezwa na vitu vingine: bareti za memwari, prosesa, karte mere, karte ya picha, kabo, na ekra yenyewe. Hata karte mere ikikufa kweli, mara nyingi diski iko mzima. Unaitoa, unaiunganisha kwa mashini ingine na adapta ya USB, unachukua kazi yako. Ningelijua hivyo, ningelilala ule usiku.

Sasa, sisi watu wa agronomi tunafundishwa hivi: ukibadilisha mbegu, mbolea na tarehe ya kupanda pamoja, hautajua ni nini ilileta mavuno. Na hapa ni vilevile. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine.

Anza na ekra. Iache iwake, chomoa kabo yake upande wa sanduku. Kama inaandika kwamba haipati sinyali, ekra ni mzima, tatizo liko mbali nayo. Kama haionyeshi kitu hata taa yake, angalia prizi na kabo ya umeme. Tazama na zile pini ndogo za kabo ya VGA: moja ikipinda, picha inaharibika ao inapotea. (Kabo nyingi zinakosa pini moja katikati tangu kiwandani, usishtuke.) Na kama sanduku iko na sehemu mbili za kuchomeka ekra, moja kwa karte mere na ingine kwa karte ya picha iliyoongezwa, chomeka kwa ile ya karte iliyoongezwa. Kuna watu walilipa fundi kwa sababu ya hiyo tu.

Kisha fungua sanduku. Mbele ya kufungua, toa waya ya umeme kabisa, bonyeza buto ya kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma ya sanduku. Ile boksi ya alimantasio usiifungue hata siku moja: ndani inaweza kubaki na umeme mkali hata nyuma ya kuchomoa.

Bareti za memwari njo mahali pa kwanza pa kushuku. Zina meno ya rangi ya dhahabu, na miaka, vumbi na unyevu vinayafunika. Toa zote, sugua meno pole pole na gomu ya kufuta penseli, pangusa, rudisha moja tu mpaka usikie «ka» pande zote mbili. Washa. Hapana? Jaribu nafasi ingine, kisha bareti ingine. Kama mashini iko na kispika kidogo ndani, iwashe pia bila bareti hata moja: inapaswa kulia bip bip kulalamika. Ikilia, karte mere ingali inafikiri. Ikinyamaza kabisa, shuku karte mere, prosesa ao alimantasio, hapo fundi ana haki yake.

Iko pia pili ya duara, CR2032, ya volti 3. Kuitoa dakika tano, waya ikiwa imechomolewa, kunafuta mipangilio iliyoharibika. Na tazama vile vikopo vidogo kwenye karte mere: kikivimba kichwani ao kuvuja, kimekwisha.

Kwangu bareti ya kwanza: giza. Ya pili, nafasi ileile: bip moja fupi, kisha maandishi meupe, na tarehe ya mwaka 2009. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Nilikopi data zote kwa flashi ya yaya, mbele hata ya kunywa chai.