Kwa Nini A Inakaa Pale

Sogeeni karibu, wadogo zangu. Leo ni habari za klavye, hii mnayoigonga kwenye vibanda vya fotokopi vya Kindu na mnayoikuta hata mkipanda mpaka Obokote.

Zamani, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, aliishi mhariri wa gazeti, Christopher Latham Sholes. Yeye na wenzake walibuni mashine ya kuandikia, wakapewa hataza mwaka 1868. Mwanzoni herufi zake zilifuatana karibu kama mnavyoziimba darasani. Sholes akazihamisha, akazihamisha tena. Kampuni ya Remington ilipoiuza mwaka 1874, mstari wa juu ulikaribia huu ambao leo Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanauita QWERTY. Wafaransa wakaugeuza: A ikachukua mahali pa Q, Z mahali pa W, M ikakaa kando ya L. Wabelgiji wakaufuata, na kwao ndiko tulikoupata sisi wa Kongo.

Sasa sikilizeni, hili litawaokoa. Walipotafuta herufi za kukata, kunakili na kubandika, mafundi wa Marekani walichagua X, C na V, na Z ya kurudisha kilichoharibika, kwa kuwa kwenye klavye yao zote nne ni majirani, chini kushoto. Kwetu Z imehamia juu, na kona ile imekaliwa na W. Mtoto wa Kampala akiketi mbele ya klavye yetu, akabonyeza Ctrl na kugonga kona kwa mazoea ili arudishe sentensi yake, mara nyingi dirisha zima linafungwa. Kwa hiyo tazameni herufi kwanza, ndipo mguse.

Lakini kuna jambo linalonifurahisha sana. Someni mstari wetu wa juu: A, Z, E, R, T, Y, U, I, O, P. Irabu zote tano zimo! Kiswahili chetu kinamaliza maneno yake kwa irabu, basi kidole kinarudi juu kila mara. Upepo, pazia, tairi, ziara: yote unayaandika bila kushuka. Kwenye QWERTY, a iko mstari wa kati na z iko wa chini, hivyo pazia linakushusha mara tatu. Wafaransa hawakuwa wakituwazia sisi, ila tumefaidika.

Si kila kitu kimetupendelea. Q, ambayo Kiswahili hakiihitaji, imelala palepale kidole kidogo cha kushoto kinapopumzika. Na nukta haiji mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Ukisahau, inakuja nukta mkato.

Haya, tafuteni neno refu la mstari wa juu peke yake. Mimi nimefika kwenye tutazipitia, herufi 11. Nani ananipita?