Dawa ya kifafa: Tiba kwa mama, hatari kwa aliye tumboni

MUSCAT

Kila wiki mabegi hupakiwa Muscat kwenda Unguja, Pemba, Mombasa na Dar es Salaam. Ndani yake mna halwa, udi, nguo za watoto, na mara nyingi mna dawa. Kwa miaka mingi jamaa walioko Oman wamekuwa ndio duka la dawa la jamaa zao walioko Afrika Mashariki. Dawa za presha, za sukari na za pumu hufungwa pamoja na zawadi, na mbebaji huelezwa kwa simu ni za nani.

Miongoni mwa dawa hizo imo moja ambayo haifai kusafiri bila ya maelezo. Jina lake la kitaalamu ni valproeti. Madukani inajulikana zaidi kwa majina ya biashara kama Depakine na Epilim. Ni dawa ya kifafa, na pia hutumika kutuliza maradhi ya akili yanayompandisha mtu furaha ya kupindukia kisha kumtupa kwenye huzuni nzito, yaani bipola.

Ni dawa nzuri, na wako watu wengi wanaofanya kazi, wanaosoma na wanaolea familia kwa sababu yake. Lakini ni dawa ambayo, ikimezwa na mwanamke mwenye mimba, inaweza kumdhuru mtoto kwa namna isiyorekebishika. Jambo hilo limeanza kujulikana tangu mwaka 1982, na bado wako wanawake wanaoimeza bila ya kuambiwa.

ILIVYOGUNDULIWA

Asidi ya valproiki ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1882 na mkemia wa Kimarekani, Beverly Burton. Kwa miaka 80 hakuna aliyeidhania kuwa ni dawa. Wakemia waliitumia kama maji ya kuyeyushia vitu vingine tu.

Mwaka 1962, mjini Grenoble, Ufaransa, mtafiti kijana aitwaye Pierre Eymard alikuwa akichunguza kemikali zinazotokana na khella, mmea ambao Waarabu wanaujua tangu zamani kwa tiba. Kemikali zake zilikuwa hazitaki kuyeyuka, akaziyeyusha kwa asidi ya valproiki. Zilipojaribiwa kwa wanyama, kila mchanganyiko ulizuia degedege. Ndipo yeye na wenzake walipotambua kuwa kilichokuwa kinatibu ni ile asidi iliyodhaniwa haina kazi. Mwaka 1967 dawa ikaingia sokoni Ufaransa.

Marekani iliikubali kwa kifafa mwaka 1978, kwa bipola mwaka 1995, na kwa kuzuia kipandauso mwaka 1996. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO).

Inafanyaje kazi? Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo. Kifafa hutokea pale kundi la seli linapofyatua umeme kwa pamoja bila ya mpangilio. Valproeti huipa nguvu kemikali ya mwili inayotuliza seli hizo, na huzizuia zisifyatue mfululizo. Kwa aina ya kifafa kinachoshika ubongo mzima kwa mara moja, utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 ulionesha kuwa bado inaishinda dawa mpya ya levetirasetamu. Ndiyo maana madaktari hawajaitupa.

INI, KONGOSHO NA DAMU

Kila dawa ina gharama yake, na gharama za valproeti zinajulikana. Wengi hunenepa. Wengine mikono hutetemeka, nywele hupukutika, au husikia usingizi na kichefuchefu katika siku za mwanzo. Baadhi ya wanawake hupata matatizo ya hedhi. Chembe za kugandisha damu zinaweza kupungua, mtu akawa anavilia damu kwa kuguswa kidogo.

Yaliyo makubwa zaidi ni mawili. La kwanza ni kuharibika kwa ini. Si jambo la kila siku, lakini linaweza kuua, na mara nyingi hutokea katika miezi 6 ya mwanzo. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka 2, hasa wanaotumia dawa nyingi za kifafa kwa pamoja. La pili ni kuvimba kwa kongosho, ambako huja na maumivu makali ya tumbo na kutapika.

Mgonjwa akianza kutapika, kukosa hamu ya kula, kulegea na kusinzia kusiko kawaida, macho kuwa ya manjano, au kifafa kilichokuwa kimetulia kurudi ghafla, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Aende hospitali siku ile ile.

Hapa liko jambo linalotuhusu sisi wakaazi wa Oman kwa namna ya pekee. Wako watu wanaozaliwa na kasoro katika zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu ya mwili, au katika njia ya mwili ya kuondoa amonia. Kwa watu hao valproeti inaweza kuwa sumu. Baadhi ya kasoro hizo hurithiwa kwa mama na baba wote wawili, na hujitokeza zaidi pale wazazi wanapokuwa ni ndugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa zaidi ya nusu ya ndoa nchini Oman zilikuwa baina ya watu wa ukoo au kabila moja. Kwa hivyo, mtoto wa mabinamu anapoanza kuanguka, daktari aelezwe mapema kuwa wazazi ni ndugu, na kama yuko mtoto mwingine katika ukoo aliyefariki kwa maradhi ya ini au kwa degedege lisiloeleweka. Habari hiyo moja inaweza kumfanya achague dawa nyengine.

MTOTO ALIYE TUMBONI

Mwaka 1982 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walitoa taarifa kuwa miongoni mwa watoto wenye mgongo wazi walikuwemo wengi kuliko ilivyotarajiwa ambao mama zao walitumia valproeti. Tangu hapo ushahidi umekuwa ukiongezeka mwaka hadi mwaka.

Leo hesabu ni hizi. Katika kila wanawake 100 wa kawaida, 2 au 3 huzaa mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa maumbile. Kwa wanaotumia valproeti katika mimba ni karibu 10. Ulemavu huo ni pamoja na mgongo wazi, kasoro za moyo, mdomo au kaakaa lililopasuka, na kasoro za viungo na njia ya mkojo. Dozi ikizidi, hatari nayo huzidi: kwa wanaomeza zaidi ya miligramu 1,450 kwa siku, ni karibu mtoto 1 kati ya 4.

Na yako yasiyoonekana siku ya kuzaliwa. Kiasi cha watoto 30 hadi 40 katika kila 100 hupata matatizo ya makuzi: kuchelewa kutembea na kusema, kushindwa kusoma, usonji. Mtoto anazaliwa mzima, watu wanakuja kumpongeza mama, na miaka 4 baadaye mwalimu wa skuli ndiye anayegundua kuwa kuna kitu hakiko sawa. Wakati huo hakuna tena anayekumbuka vidonge.

Ufaransa, nchi ilikozaliwa dawa hii, ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2011 mama mmoja, Marine Martin, ambaye watoto wake wawili waliathirika, aliasisi jumuiya ya familia zilizodhurika. Mwaka 2017 mamlaka za afya za nchi hiyo zilikadiria kuwa tangu 1967 watoto baina ya 2,150 na 4,100 walizaliwa na ulemavu mkubwa kwa sababu ya dawa hiyo. Uingereza nayo iliunda tume chini ya Baroness Cumberlege, ambayo ripoti yake ya Julai 2020 ilisema wazi kuwa wanawake walikuwa hawasikilizwi.

Baada ya hapo masharti yakakazwa. Tangu mwaka 2018 Ulaya hairuhusu mwanamke anayeweza kushika mimba apewe valproeti ila awe katika mpango maalumu wa kuzuia mimba, na iwe dawa nyengine zimeshindwa. Mei 2023 WHO nayo ikatamka kuwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe dawa hii. Januari 2024 Uingereza ikaenda mbali zaidi: asianzishiwe mtu yeyote wa chini ya miaka 55, mwanamume au mwanamke, mpaka madaktari bingwa wawili wakubaliane. Mwezi huo huo Ulaya iliwatahadharisha wanaume pia, kwani kuna dalili kuwa mtoto ambaye baba yake alitumia valproeti katika miezi 3 kabla ya mimba anaweza kuwa na hatari iliyozidi kidogo ya matatizo ya makuzi.

SIRI YA NYUMBANI

Masharti hayo yanafanya kazi pale ambapo mgonjwa na daktari wanazungumza. Kwetu sisi kikwazo ni siri.

Kifafa katika jamii zetu hakisemwi. Wako wanaokiita pepo, wako wanaodhani kinaambukiza kwa mate ya mgonjwa, hata mtu akaangukia moto na wenziwe wakaogopa kumgusa. Maradhi ya akili ndiyo kabisa. Binti mwenye kifafa anapofikia umri wa kuposwa, familia hukubaliana kimya kimya kuwa upande wa pili usiambiwe. Anaingia nyumba ya mumewe na vidonge vimefichwa ndani ya mkoba.

Tutazame yanayofuata. Dawa zake zinatoka Muscat kwa shangazi, kwa hivyo hakuna daktari wa Unguja anayemfuatilia. Hawezi kuuliza habari za uzazi wa mpango mbele ya mawifi. Akishika mimba ana njia mbili mbovu. Akiendelea kumeza, mtoto yuko hatarini. Akiacha ghafla kwa hofu, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mtukutiko mmoja ukiunga na mwengine bila ya kupumzika, na hapo maisha yake na ya mtoto yote mawili yako hatarini.

Katika hali hii lawama ikimwangukia binti peke yake itakuwa ni dhulma. Siri hiyo aliikuta imekwishapangwa na wakubwa.

YA KUFUATA

Kwanza, asiache mtu dawa kwa kusoma makala hii. Mwenye kutumia valproeti na anayeweza kuzaa aende kwa daktari bingwa kabla ya kushika mimba, aseme anataka mtoto. Ziko dawa kama lamotrijini na levetirasetamu ambazo katika uchunguzi mkubwa wa kimataifa zilionesha ulemavu wa karibu watoto 3 tu katika 100. Kubadilisha huchukua wiki au miezi, kidogo kidogo. Aliyekwisha kushika mimba aende haraka, na huku anaendelea na dozi yake mpaka aelezwe la kufanya.

Pili, Ramadhani. Wako wanaoruka dozi ili wafunge. Zipo aina za valproeti zinazoachia dawa polepole mwilini, ambazo huenda daktari akazipanga baina ya futari na daku. Lakini mipango hiyo hufanywa kabla ya mwezi kuandama. Na dini imempa mgonjwa ruhusa. Asione haya kuitumia.

Tatu, vidonge hivi huvuta unyevu. Vibaki ndani ya karatasi yake ya bati mpaka wakati wa kumeza. Kuvimimina katika mfuko wa nailoni ili begi lipungue uzito, au kuviacha ndani ya gari katika jua la Muscat, ni kuviharibu. Vile vya kuachia polepole havipondwi wala havitafunwi.

Nne, dawa hugongana. Valproeti hupandisha kiwango cha lamotrijini mwilini, na zikitumiwa pamoja bila ya kupimiwa zinaweza kuleta upele wa hatari. Antibayotiki za hospitali za jamii ya meropenemu huishusha valproeti kwa kasi, kifafa kikarudi. Kila daktari na aoneshwe dawa zote, pamoja na aspirini na za mitishamba.

Tano, kwa wale tunaotuma. Hapa Oman iko Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na kwa maradhi ya akili iko Hospitali ya Al Masarra huko Al Amerat. Kwao Unguja iko Kidongo Chekundu. Dawa ya kifafa haifai kutumwa bila ya cheti cha daktari, jina la mgonjwa, na daktari wa huko anayejua kuwa anaitumia. Kama anayetumiwa ni msichana, aulizwe na mtu mzima anayemwamini: umeelezwa habari ya mimba?

Suala hilo halina gharama yoyote ila haya ya dakika moja. Mtoto anayezaliwa na mgongo wazi hubeba gharama yake maisha yake yote, naye hakuulizwa.