Kumlea Mtoto Mdogo Katika Machimbo ya Mwakitolyo

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Gravissimum Educationis la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Fundisho hilo tunalitafakari leo tukizikumbuka familia za Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, ambako kazi ya dhahabu huwaondoa wazazi wengi nyumbani alfajiri. Mtoto wa miaka miwili huachwa na dada yake ambaye naye angepaswa kuwa darasani, au hufuatana na mama hadi kwenye makarasha.

Miaka hiyo ya mwanzo hairudi. Tangu mimba hadi umri wa miaka mitatu ubongo hukua kwa kasi kubwa, na hujengwa kwa mambo ya kawaida: mtoto anatoa sauti, mama anamjibu, anamwonesha kuku kwa kidole, baba anamtajia jina lake. Hayo ndiyo malezi yenye mwitikio, mojawapo ya nguzo tano za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto hadi umri wa miaka minane. Nguzo nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama.

Wapo wanaodhani kujifunza huanza siku mtoto anapovaa sare. Sivyo. Mama anayemenya viazi anaweza kuvihesabu pamoja na mwanawe. Baba aliyerudi jioni anaweza kumtegea kitendawili, kama wazee wetu walivyofundisha vijana penye moto wa shikome. Tusione haya kusema Kisukuma nyumbani. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama huingia shuleni akiwa na msingi wa kujifunza Kiswahili.

Lakini machimbo yana hatari yake. Zebaki inayokamatia dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke usioonekana, nao hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kwa hiyo dhahabu isichomwe nyumbani wala katika chombo cha kupikia. Zebaki isihifadhiwe katika chupa ya soda. Mzazi anayeishika aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na mama mjamzito au anayenyonyesha akae mbali nayo. Mtoto asipelekwe kwenye makarasha wala kuachwa acheze karibu na maduara yaliyoachwa wazi.

Tunajua kwamba mama asiyekwenda kazini huenda akakosa chakula cha jioni. Ndiyo sababu mzigo huu haumhusu yeye peke yake. Jumuiya ndogondogo zinaweza kupanga zamu, ili kila siku mtu mzima mwaminifu abaki na watoto wa majirani mahali safi na salama, na binti mkubwa aende shule. Akina baba nao washiriki, wahakikishe mtoto anahudhuria kliniki na, afikishapo miaka mitano, anaandikishwa darasa la awali.

Wazazi wapendwa, dhahabu mnaitafuta kwa ajili ya watoto hawa. Basi wapeni, kila jioni, walau muda mfupi wa kuongea na kucheza nanyi.