Kabla ya Kung'oa Jino, Taja Maradhi Yako

Wasomaji wetu wa Bagamoyo, Kerege, Mapinga na pwani yote hata Saadani, mwajua jinsi jino liwezavyo kumnyima mtu usingizi. Karafuu imetiwa, maji ya chumvi yamesukutuliwa, wala maumivu hayatulii. Alfajiri mgonjwa hushika njia kwenda mjini, na mbele ya daktari wa meno huonyesha jino tu. Akiwa na maradhi mengine, huyanyamazia. Hujiambia, "Nimekuja kwa jino, sukari yangu yamhusu nini?"

Yamhusu sana. Mwenye kisukari amemeza vidonge vyake au amejidunga insulini, kisha akaondoka pasipo kula, akidhani jino hung'olewa tumbo likiwa tupu. Kumbe kwa ganzi ya kuchomwa ufizini hapana sharti la kufunga. Motokaa ikichelewa na zamu ikiwa ndefu, sukari hushuka; jasho lamtoka, mikono yatetemeka, na huenda akaanguka kabla koleo halijagusa jino. Mtu huyu na ale uji wake, ameze dawa kama desturi, aombe kutazamwa mapema.

Mwenye presha apimwe kwanza. Ikifika 180 kwa 110, madaktari wengi huahirisha kazi isiyo ya haraka. Uchungu wa mtu aliyetoka mbali twauelewa, lakini safari ya pili ni nafuu kuliko kiharusi.

Linalotutia hofu zaidi ni moyo. Jino ling'olewapo, vijidudu vya kinywani huingia katika damu, navyo vyaweza kutua juu ya mlango wa moyo ulio mbovu. Kwa hiyo mtu mzima mwenye mlango wa bandia hupewa gramu 2 za amoksilini dakika 30 hadi 60 kabla, isipokuwa penisilini humdhuru. Huyo hupewa dawa nyingine. Tena aghalabu humeza warfarini ili damu isigande. Wako waachao dawa hiyo kwa shauri lao wenyewe, wakiogopa kutokwa damu. Wasifanye hivyo! Damu ya ufizi huzuiwa kwa shashi na mshono. Bonge la damu liendalo ubongoni, nani atalizuia? Damu na ipimwe, kisha daktari aamue.

Selimundu nayo itajwe, na mimba pia, hata ikiwa changa.

Walimu, hapa mwaweza kusaidia. Wazee wengi huzijua dawa zao kwa rangi tu. Waandikieni majina yake katika karatasi, au wachukue pakiti zote mfukoni. Na daktari akimpeleka mtu Muhimbili, ambako madaktari wa meno wamefundishwa tangu 1979, asidhani amefukuzwa.

Jino likisha kutoka, auume shashi nusu saa, wala asipande gari mpaka damu ikome. Asisukutue siku hiyo. Maji ya chumvi yangoje kesho yake.